Majalada Yetu: Kutoka Kabatini Hadi Winguni

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii ilitungwa kwa ajili ya biashara, lakini yafaa vilevile kwa shule. Mali ya shule ni majina ya waliosoma, alama walizopata, na ushahidi kwamba walipita hapa. Daftari likipotea, mtu mwenyewe yupo, elimu yake ipo, lakini hana la kumwonyesha anayemwuliza.

Muhula huu habari inayozungumzwa sana shuleni petu ni ya kuhamisha kumbukumbu zilizo katika kompyuta kubwa ya ofisi ya taaluma na kuzipeleka katika hifadhi iitwayo "wingu". Wazazi watalizungumza jambo hili katika mkutano wao wa mwisho wa muhula, maana lina gharama. Wako wanaotaka lifanyike leo leo, na wako wanaoliogopa. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wanaosaidia katika chumba cha kompyuta, naye Mhariri ameniomba nilieleze kwa lugha nyepesi. Basi ndugu zangu wanafunzi, waalimu wetu waheshimiwa, na wazazi wetu, nawaomba tufuatane hatua kwa hatua.

1. Seva ni kitu gani?

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila kazi yake si ya mtu mmoja. Imewekwa ili iwahudumie wengi. Mwalimu wa Hisabati akikaa katika ofisi yake na kuandika alama, haziandiki katika mashine iliyo mbele yake tu. Huziweka katika seva, na Mwalimu wa Taaluma aweza kuzisoma papo hapo. Yafanana na kabati moja la chuma lililo katikati ya ofisi, ambalo kila mwenye ufunguo aweza kulifungua.

Kabati likiwa moja, hatari nayo ni moja. Panya, maji ya mvua, mwizi au radi vikilifikia, vyote vimekwisha. Kwa sababu hiyo waliozitengeneza seva walibuni kazi mbili za kulinda kumbukumbu, na ni lazima tuzitofautishe, maana watu wengi huzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kurudufisha. Seva mbili huwekwa mahali mbalimbali, na kila badiliko linalofanyika katika moja hufanyika katika ya pili. Hapa shuleni moja iko ofisini, na ya pili iko maktaba. Hapo zamani kurudufisha kulikuwa na taabu, kwa kuwa faili likibadilika herufi moja, lote lilipelekwa upya. Kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows Server 2003 R2 iliweka humo njia inayopeleka sehemu zilizobadilika tu. Ni kama rejista ya kurasa 200: mwalimu akisahihisha alama moja katika ukurasa wa 37, hakuna haja ya kuinakili rejista nzima, yatosha kupeleka lile badiliko.

Lakini kurudufisha kuna kasoro yake. Waalimu wawili wakilibadili faili moja kwa wakati mmoja, mmoja ofisini na mwenzake maktaba, njia hii humpa ushindi yule aliyehifadhi mwisho. Kazi ya yule mwingine huwekwa pembeni katika folda iliyofichika. Tena, mtu akifuta faili kwa bahati mbaya katika seva ya kwanza, seva ya pili nayo hutii na kulifuta. Na virusi vikiyaharibu mafaili ya huku, uharibifu hupelekwa kule kwa uaminifu uleule. Kwa hiyo shikeni neno hili: kurudufisha hutukinga mashine ikifa, hakutukingi mtu akikosea.

Kazi ya pili ni kuhifadhi nyaraka. Hapa hatutafuti faili la leo. Tunaweka kando faili la jana kama lilivyokuwa, ili lisiguswe tena. Matokeo ya mtihani wa muhula wa miaka kumi iliyopita hayabadiliki. Hayahitaji kukaa mezani. Yahitaji kukaa salama, yakiwa na tarehe, na yawe rahisi kuonekana siku yakitakiwa.

2. Kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu

Baba yangu mkubwa alifanya kazi ujanani mwake katika ofisi moja ambayo sasa haipo. Alipofikia umri wa kupumzika aliambiwa alete barua ya kuonyesha aliajiriwa mwaka gani. Alikwenda kwa waliorithi ile ofisi, akapelekwa stoo. Jalada lake lilikuwepo, na jina lake lilisomeka juu ya jalada, lakini ndani mchwa walikuwa wamebakiza pembe za karatasi tu. Alirudi mara nne, kila mara kwa nauli. Mwishowe ilimbidi atafute wazee wawili waliofanya naye kazi waende wakamthibitishie. Mmoja wa hao alifariki mwaka uliofuata. Angechelewa kidogo tu, ushahidi ungezikwa pamoja naye.

Watu wa nyanda hizi za Kasulu na Kibondo wanalielewa jambo hili kuliko wengi. Kambi ya Mtabila ilipokea maelfu ya watu waliokimbia vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993, na ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliotoka Kongo. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na blanketi. Kabati la vyeti habebi. Afikapo, neno la kwanza analoulizwa ni: wewe ni nani, umetoka wapi, na hawa ni akina nani kwako?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikutana na tatizo lilelile tunalolizungumza sisi, ila lao lilikuwa kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilianza kuandikisha watu kwa programu iitwayo proGres. Katika matoleo ya kwanza kila ofisi ilikuwa na hifadhi yake, katika kompyuta zake za palepale. Mtu akihamia mahali pengine, habari zake zilikuwa lazima zihamishwe pia. Toleo la nne lilileta hifadhi moja ya pamoja, inayofikiwa kwa njia ya intaneti. Basi mwenye haki ya kusoma aweza kuliona jina la mtu hata kama mtu huyo amehamia kambi nyingine. Hiyo ndiyo maana ya kuhama kutoka seva za ofisini kwenda hifadhi ya mbali: kumbukumbu hazifungwi tena na chumba kimoja.

Nchi yetu nayo ina mfano wa kumbukumbu zinazopita umri wa binadamu. Majalada ya utawala wa Wajerumani, yanayotunzwa katika Nyaraka za Taifa, yaliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Yaliandikwa na makarani waliokwisha kufa zamani, nasi twaweza kuyasoma leo. Karatasi ikitunzwa vema huishi sana. Diski ya kompyuta haiishi hivyo: yaweza kufa baada ya miaka michache bila kutoa dalili. Kwa hiyo kumbukumbu za kompyuta zataka kuhamishwa mara kwa mara, kama moto unaopelekwa kutoka jiko hadi jiko usije ukazimika.

3. Wingu si wingu

Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Kwanza aliuliza kama mvua za Novemba zitayalowesha majalada yetu huko winguni. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa jema, kwa sababu jina hili hudanganya. Wingu si la hewani. Ni nyumba iliyojengwa juu ya ardhi, yenye kuta, walinzi, jenereta na mitambo ya kupoza joto, na ndani yake zimo seva maelfu. Wenye nyumba hukodisha nafasi kwa watu, nao watu huifikia kwa intaneti.

Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha hifadhi yake iitwayo S3 mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaleta Glacier kwa ajili ya nyaraka za muda mrefu. Microsoft ilifungua vituo vya Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, nayo Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020. Hapa nyumbani tunacho Kituo cha Taifa cha kuhifadhi data kilichoko Kijitonyama, Dar es Salaam.

Tofauti ya gharama naieleza hivi. Kuwa na seva yako ni kama kununua ng'ombe: unatoa fedha nyingi siku moja, kisha unamlisha, unamtibu, na siku moja anakufa. Kutumia wingu ni kama kununua maziwa kila asubuhi: hulipi nyingi kwa mara moja, wala hujali ng'ombe anaumwa nini, lakini siku usipokuwa na fedha hunywi maziwa. Shule ikiacha kulipa, hifadhi hufungwa, na baada ya muda yaliyomo hufutwa. Kwa hiyo wazazi wasiulizwe tu kama wako tayari kuchanga mwaka huu. Waulizwe kama fedha hii itaingia katika makisio ya kila mwaka, kama maharage na unga.

Tena, hifadhi ya winguni ina vyumba vya namna mbili. Kuna chumba cha mafaili moto, yaani yanayotumiwa kila siku. Bei yake ni kubwa kidogo, nayo hupatikana mara moja. Kuna chumba cha mafaili baridi. Bei yake ni ndogo sana, lakini ukiliomba faili huenda ukangoja saa nyingi, pengine 12 au zaidi, na aghalabu utalipia kulitoa. Alama za muhula huu ni moto. Picha za mahafali ya zamani ni baridi.

Ipo pia njia ya katikati. Seva ya ofisini hubaki, na yanayotumiwa sana hukaa humo; yaliyopoa hupelekwa winguni, na mahali pake ofisini hubaki jina tu, kama kivuli. Mwalimu akilifungua lile jina, faili huvutwa kutoka winguni bila yeye kufanya kazi nyingine. Kwa shule iliyo mbali kama yetu, naona njia hii inafaa kuliko zote.

4. Hesabu ya safari

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kumbukumbu zote za shule ni gigabaiti 600, na laini yetu ya intaneti yaweza kupeleka megabiti 4 kwa sekunde. Gigabaiti moja ni kama megabiti 8,000. Basi 600 mara 8,000 ni megabiti 4,800,000. Gawanya kwa 4, unapata sekunde 1,200,000. Siku moja ina sekunde 86,400. Kwa hiyo safari itachukua siku 14 hivi, laini ikifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, na hakuna mwalimu atakayepata nafasi ya kusoma barua zake. Tukipeleka usiku tu, saa 8 kila usiku, zitahitajika siku 42 hivi, yaani wiki 6.

Tazameni jambo la ajabu. Tuseme diski yenye gigabaiti hizo 600 inafungwa vizuri katika sanduku na kupakiwa katika basi la kwenda Kigoma mjini, ambako laini ni pana, na safari ni ya saa 3. Saa 3 ni sekunde 10,800. Megabiti 4,800,000 ukizigawanya kwa 10,800 unapata 444. Basi limepeleka megabiti 444 kwa sekunde! Limeishinda laini yetu mara zaidi ya 100. Ndiyo sababu hata makampuni makubwa, yakiwa na kumbukumbu nyingi mno, huzisafirisha kwa diski.

Lakini baada ya safari ya kwanza kazi huwa nyepesi. Tuseme yanayobadilika kwa siku ni megabaiti 200, yaani megabiti 1,600. Kwa laini ileile ni sekunde 400, kama dakika 7 tu. Mzigo mkubwa ni wa kuhama. Kuishi huko si mzigo.

5. Hatari zisizofichwa

Ningekuwa mwongo kama ningetaja faida peke yake.

Kwanza ni njia. Nyaya kubwa za baharini ndizo zilizotuunganisha na dunia: SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ikaanza mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Intaneti ikawa dhaifu kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, shule ambayo kila kitu chake kiko nje ya nchi hukaa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Pili ni umeme. Kasulu na Kibondo ziliacha kutegemea jenereta na kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, nayo ni neema kubwa. Hata hivyo umeme ukikatika usiku wakati wa kupeleka, kazi husimama. Programu nzuri huendelea pale ilipokomea. Mbaya huanza upya. Hilo liulizwe kabla ya kununua.

Tatu ni moto, maana hata wingu huungua. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto, na jengo moja likateketea. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi. Wasiokuwa nayo wengine walipoteza kila kitu. Kumbe kupeleka winguni hakutuondolei wajibu wa kuwa na nakala nyingine.

Nne ni siri za watu. Alama za mwanafunzi, ugonjwa wake, na jina la mlezi wake si mali ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaweka masharti kwa anayekusanya habari za watu na anayetaka kuzipeleka nje ya nchi. Tena shule yetu ni ya serikali, nayo iko chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Haiwezi kujichagulia duka lolote kama mtu anunuaye sabuni. Itabidi kuuliza ngazi za juu kwanza, na jibu liandikwe.

6. Njia ninayoiona kuwa njema

Kwanza, tuchambue. Takataka zisisafiri. Faili lenye nakala tano libakie moja, na kila folda ipewe jina na mwaka.

Pili, tuhesabu. Iandikwe orodha ya mafaili yote, idadi na ukubwa wake, ili baada ya kuhama tulinganishe. Programu yaweza kulifanyia kila faili hesabu na kutoa namba. Namba ya huku na ya kule zikilingana, faili ni lilelile. Zikitofautiana, kuna kilichoharibika njiani.

Tatu, tupeleke baridi kwanza na moto mwisho, ili kazi za kila siku zisisimame.

Nne, tuendeshe njia zote mbili kwa muhula mzima. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Seva ya zamani isizimwe kabla ya mpya kuaminika.

Tano, tujaribu kurudisha. Achaguliwe mwanafunzi mmoja wa zamani, tuulize: alama zake za Kidato cha Pili ziko wapi? Zikipatikana, vema. Zisipopatikana, hatuna hifadhi, tuna matumaini tu. Jaribio hili lifanywe kila muhula.

Sita, funguo zisiwe kwa mtu mmoja. Mwalimu aweza kuhamishwa kwenda mkoa mwingine kwa barua ya siku chache. Neno la siri liwe na watu wawili, na nakala yake ifungwe katika bahasha ndani ya sefu ya Mkuu wa Shule.

Saba, tushike kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja yao iwe mbali na shule. Na rejista za karatasi zibaki kabatini, zinyunyiziwe dawa ya mchwa.

Wazazi wetu, gharama ya jambo hili itaonekana katika karatasi ya makisio, kwa hiyo ni rahisi kuibishia. Gharama ya kutolifanya haionekani popote, mpaka siku mtoto wenu, akiwa mtu mzima, atakaposimama mbele ya meza ya ofisi fulani na kuambiwa, "Leta uthibitisho." Mimi naondoka shuleni mwaka huu. Ningependa jina langu libaki hapa mahali ambapo mchwa hawafiki.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kurudufisha na kuhifadhi nyaraka. Ipi itakusaidia ukifuta faili kwa bahati mbaya?
2. Shule ina gigabaiti 90, na laini yake hupeleka megabiti 2 kwa sekunde. Kumbukumbu zitachukua siku ngapi kufika, laini ikifanya kazi bila kusimama?
3. Taja mafaili matatu ya shule yaliyo moto na matatu yaliyo baridi. Toa sababu.
4. Mwulize mzazi au babu yako: ni karatasi gani aliyowahi kuhitaji asiipate? Andika habari hiyo katika ukurasa mmoja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne